Onyo Lisiloeleweka Si Onyo

Wahenga walisema kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Katika vijiji vya zamani mbiu ilipolia watu waliacha kazi zao wakakusanyika, na mpiga mbiu akawajibika kuwaeleza kilichotokea, kama ni moto, simba, msiba au wito wa kazi ya pamoja. Mpiga mbiu aliyepuliza pembe kisha akanyamaza, au aliyezungumza kwa fumbo, aliwatia watu hofu bila ya kuwasaidia. Siku hizi mbiu hupigwa pia na kompyuta, katika maofisi, mashule, mahospitali na mabenki, na hupigwa mara nyingi kwa siku. Kwa hiyo lipo swali ambalo kila mtumishi wa umma na kila mwalimu anayetumia chombo hicho hana budi kujiuliza: kompyuta inapoonya, yule anayeonywa anaelewa nini? Na mambo yakishaharibika, ushahidi wa onyo hilo unapatikana wapi?

Kila kompyuta huongozwa na programu kuu iitwayo mfumo endeshi. Linux ni mfumo endeshi, na Windows vilevile. Kazi yake inafanana na ya msimamizi wa ofisi. Hugawa muda na nafasi ya kufanyia kazi kati ya programu mbalimbali, huangalia diski na printa, hufungua mlango kwa mtumiaji mwenye haki na kumfungia asiyekuwa nayo. Msimamizi huyo ana wajibu wa namna mbili pindi jambo lisilo la kawaida linapotokea. Wajibu wa kwanza ni kutoa ujumbe wa tahadhari uliopangwa vizuri. Wa pili ni kuuandika ujumbe huo katika daftari la matukio ili usipotee. Wajibu wote wawili huonekana kuwa mambo madogo ya kikarani, na kwa sababu hiyo mara nyingi hudharauliwa. Historia inaonyesha kwamba dharau hiyo imegharimu maisha ya watu.

Mfano mzuri wa kuanzia ni ule wa tarehe 20 Julai 1969. Siku hiyo Neil Armstrong na Buzz Aldrin walikuwa wakiteremka mwezini katika chombo cha safari ya Apollo 11. Katikati ya mteremko kompyuta ya chombo hicho ilitoa tahadhari na kuonyesha namba 1202. Namba hiyo haikuwa na maelezo yoyote kando yake, na wanaanga wakauliza Houston maana yake. Jibu lilipatikana kwa haraka kwa sababu watu walikuwa wamejiandaa. Kabla ya safari, katika zoezi la majaribio, tahadhari ya jamii hiyohiyo ilikuwa imetokea, na wataalamu wa zamu wakakatisha zoezi pasipo sababu ya kutosha. Baada ya kosa hilo waliagizwa kuzichunguza tahadhari zote, na kijana mmoja wa miaka 24, Jack Garman, akaandika kwa mkono orodha ya namba hizo pamoja na maana zake. Namba 1202 ilimaanisha kwamba kompyuta imezidiwa na kazi na haina nafasi ya kupokea nyingine. Lakini mfumo wake ulikuwa umeundwa uache kazi zisizo za lazima na kuendelea na zile za lazima. Maadamu tahadhari haikuwa ikirudi mfululizo, safari iliweza kuendelea, na iliendelea hadi chombo kikatua salama.

Yapo mambo mawili ya kujifunza hapo. Namba peke yake haikumwambia mtu lolote. Kilichoiokoa safari ni orodha iliyotayarishwa na watu waliofikiri mapema, pamoja na mtambo uliojua kutofautisha kazi kubwa na ndogo. Pasipo orodha ile namba 1202 ingekuwa mbiu bila ya maneno.

Mfano wa pili ni wa huzuni. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987, katika mahospitali ya Marekani na Kanada, yalitokea matukio 6 yanayojulikana ambapo wagonjwa wa saratani walipigwa na miale ya kiasi kikubwa mno kutoka kwa mtambo wa tiba ulioitwa Therac-25. Baadhi yao walikufa. Mtambo huo uliongozwa na kompyuta yenye mfumo endeshi mdogo ulioandikwa mahususi kwa ajili yake. Hitilafu ilipotokea, kioo kilionyesha neno moja la Kiingereza lenye maana ya hitilafu, likifuatiwa na namba. Kitabu cha mwendesha mtambo hakikueleza maana ya namba hizo. Tena hitilafu ndogondogo zilikuwa nyingi, na kwa makosa ya aina hiyo mtambo wenyewe ulimruhusu mtumishi kubonyeza herufi P ili kazi iendelee. Mwezi Machi 1986, katika hospitali moja ya mji wa Tyler, jimbo la Texas, kioo kilionyesha hitilafu ya 54. Mtumishi alifanya kama alivyozoea, akabonyeza P, na mgonjwa akapigwa na miale kwa mara ya pili.

Je, kosa lilikuwa la mtumishi? Jibu la haki ni hapana. Yeye alipewa namba isiyo na maana, katika mtambo uliomzoesha kwamba namba kama hizo ni za kupuuzwa, na tena akapewa ruhusa ya kuendelea. Waliotengeneza mtambo huo ndio waliokuwa na nafasi ya kusema jambo la kweli kwa wakati wake, nao hawakulisema. Ujumbe wa tahadhari ni deni la mtengenezaji kwa yule ambaye hatakuwa na njia nyingine ya kujua kinachoendelea ndani ya chombo.

Basi ujumbe mzuri una sifa gani? Mtumishi yeyote aliyewahi kuandika taarifa ya ofisi anazifahamu. Ueleze kilichotokea, mahali kilipotokea, wakati kilipotokea, uzito wake, na hatua ya kuchukua. Kampuni ya IBM, ambayo mwaka 1964 ilitangaza mfumo endeshi wa OS/360 kwa ajili ya kompyuta zake kubwa, ilijenga utaratibu ambao warithi wa mfumo huo wanaufuata hata leo. Kila ujumbe huanza na herufi zinazotambulisha sehemu ya mfumo iliyoutoa, hufuata namba yake, na mwisho huja herufi moja inayomwambia mhudumu afanye nini. Herufi A humaanisha kwamba lazima achukue hatua. Herufi D humtaka atoe uamuzi. Herufi I humaanisha kwamba ni habari tu, aendelee na kazi yake. Kwa alama hizo chache mhudumu wa zamu ya usiku anaweza kuamua ainuke kitini au asiinuke, kisha akaitafuta namba ileile katika kitabu na kukuta maelezo kamili.

Upande wa mifumo ya jamii ya Unix, hatua kubwa ilipigwa katika miaka ya 1980 na Eric Allman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Alipokuwa akitengeneza Sendmail, programu ya kusafirisha barua za kompyuta, aliunda pia utaratibu wa kupokea na kupanga ujumbe wa matukio, uitwao syslog. Utaratibu huo ulienea duniani kote. Kila ujumbe hupewa daraja la uzito kuanzia 0 hadi 7. Daraja la 0 ni la maafa, yaani mfumo mzima hautumiki. La 1 hudai hatua ichukuliwe mara moja. La 2 ni hali mbaya sana, la 3 ni kosa, la 4 ni onyo, la 5 ni jambo la kawaida lakini la kuangaliwa, la 6 ni habari, na la 7 ni maelezo ya mafundi wanaochunguza programu. Pamoja na daraja, ujumbe hupewa namba ya chanzo chake. Namba ya chanzo huzidishwa kwa 8, kisha daraja huongezwa. Kwa hiyo ujumbe unaoanza na 34 hutoka chanzo cha 4, kinachohusu usalama na utambulisho wa watumiaji, nao ni wa daraja la 2. Huo ni mpangilio ambao karani yeyote wa masijala angeuelewa kwa dakika moja.

Masijala yenyewe inatoa fundisho lingine. Barua hugongwa muhuri wa haraka ili itangulie nyingine. Lakini ikitokea ofisi ambamo kila barua imegongwa muhuri huo, hata ya kuomba kalamu na karatasi, muhuri utakuwa umekufa, na barua ya kipindupindu itangojea foleni pamoja na barua ya kalamu. Ndivyo ilivyo kwa kompyuta. Mwandishi wa programu anayekipa kila kijambo daraja la 1 au la 2 huwafundisha watu kutotazama. Madaraja yanafaa ikiwa tu anayeyatoa ana nidhamu ya kuyatoa kwa haki.

Wingi wa ujumbe nao ni aina ya kelele. Kifaa kimoja kilichoharibika kinaweza kulalamika mara elfu kwa dakika na kulijaza daftari hadi malalamiko ya wengine yakapotea. Katika kiini cha Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, upo utaratibu wa kuzuia jambo hilo. Kwa kawaida ujumbe uliowekewa utaratibu huo ukizidi mara 10 katika sekunde 5, unaozidi hunyamazishwa. Lakini jambo la kusifiwa ni kwamba baadaye daftari huandikwa idadi ya ujumbe ulionyamazishwa. Huo ndio uaminifu unaotakiwa katika kutunza daftari. Kupunguza kelele kunaruhusiwa. Kuficha kwamba zimepunguzwa hakuruhusiwi.

Wapo watakaosema kwamba tarehe na saa ni mambo ya wazi yasiyohitaji mjadala. Hayako wazi hivyo. Muundo wa zamani wa syslog, ulioelezwa katika waraka wa mwaka 2001 uitwao RFC 3164, uliandika mwezi, siku na saa, lakini haukuandika mwaka wala haukutaja ni saa za nchi gani. Mchunguzi aliyepata daftari la kompyuta mbili zilizo nchi mbalimbali hakuweza kujua lipi lilitangulia. Waraka wa mwaka 2009, RFC 5424, ulirekebisha dosari hiyo kwa kuweka mwaka na tofauti ya saa kutoka saa za dunia. Wasemaji wa Kiswahili wanalielewa tatizo hili kuliko watu wengi. Mtu wa Afrika Mashariki asemaye saa nane mchana na mashine iandikayo 14:00 wanazungumzia wakati mmoja. Lakini mashine inayotumia saa za dunia itaandika 11:00, na mtu asiyeambiwa hivyo ataandika taarifa yenye makosa ya saa tatu nzima. Kwa mwalimu anayechunguza ni nani aliyefungua jalada la mitihani, saa tatu ni nyingi.

Kuhusu daftari lenyewe, hatari kubwa kuliko zote ni ukimya unaodhaniwa kuwa ni amani. Tarehe 14 Agosti 2003, muda mfupi baada ya saa nane mchana kwa saa za huko, programu ya tahadhari katika chumba cha kuongozea umeme cha kampuni moja ya jimbo la Ohio, Marekani, iliacha kufanya kazi. Haikumwambia mtu kwamba imeacha. Wahudumu walitazama vioo visivyo na onyo jipya, wakaamini kwamba njia za umeme zi salama, hali njia hizo zilikuwa zikikatika moja baada ya nyingine. Kabla ya saa kumi na moja jioni watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada walikuwa wamekatiwa umeme. Mlinzi anayelala hutambulika kwa sababu haitiki anapoitwa. Mfumo wa tahadhari nao hauna budi kuitwa kila mara, uitike, na usipoitika hilo liwe onyo la daraja la juu.

Hatari nyingine ni ya daftari lisilojua mipaka ya kazi yake. Karani anayepokea barua huiandika katika daftari; hafanyi lile ambalo barua inaamuru. Mwezi Desemba 2021 iligundulika kwamba Log4j, programu inayotumiwa na programu nyingi sana duniani kuandika matukio, ilikuwa ikiyasoma maneno fulani yaliyomo ndani ya ujumbe kama amri, na kuyatii. Mtu wa mbali aliweza kutuma maneno hayo mahali popote ambapo yangeandikwa, na kompyuta ikaenda kuchukua programu ya adui na kuiendesha. Aidha, yapo mambo ambayo karani hapaswi kuyaandika kabisa. Mwezi Mei 2018 kampuni ya Twitter ilitangaza kwamba maneno ya siri ya watumiaji yalikuwa yameandikwa wazi katika daftari lake la ndani, ikawashauri watumiaji wayabadili. Daftari la matukio ni shahidi, na shahidi mwema husema yale yaliyotokea bila ya kutangaza siri za watu.

Baada ya hayo yote linabaki suala la lugha, nalo ndilo linalowahusu zaidi wasomaji wa Kiswahili. Kazi ya kuzifasiri programu kwa Kiswahili si ngeni. Mwaka 2004 ilitolewa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyofasiriwa kwa ushirikiano na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kampuni ya Microsoft nayo ikatoa sura za Kiswahili za Windows na Office. Lakini wanaofasiri ujumbe wa tahadhari hukutana na kikwazo kinachotokana na namna ujumbe unavyoundwa. Waandishi wengi wa programu hutunga kiolezo chenye pengo, kisha mashine hulijaza pengo hilo kwa jina la kitu. Katika Kiingereza kiolezo kimoja cha kusema kwamba kitu hakikupatikana huweza kutumika kwa kila kitu, kwa sababu kitenzi hakibadiliki. Katika Kiswahili faili haikupatikana, kifaa hakikupatikana, mtandao haukupatikana, neno la siri halikupatikana, na mtumiaji hakupatikana. Mashine isiyojua ngeli itamtangazia mwalimu mkuu kwamba mtumiaji haikupatikana, na wanafunzi watacheka. Kisha watajifunza kwamba Kiswahili cha kompyuta ni cha kuchekwa, na hilo halina kicheko.

Kosa hapo si la Kiswahili. Ni la kiolezo kilichotungwa na mtu aliyedhani kwamba lugha zote zimejengwa kama yake. Dawa yake inajulikana. Kila ujumbe uandikwe kama sentensi kamili inayojitegemea, badala ya kuunganishwa vipande vipande. Umoja na wingi uwe na sentensi zake, kwa maana kifaa 1 kimeondolewa lakini vifaa 3 vimeondolewa. Mfasiri aruhusiwe kuyahamisha mapengo kulingana na mpangilio wa lugha yake. Vyombo vya kufanyia hivyo vipo, kama vile gettext, inayotumiwa na programu nyingi huria.

Wapo wataalamu watakaopinga. Watadai kwamba daftari la matukio ni la mafundi, kwamba mafundi wote wanajua Kiingereza, na kwamba kulifasiri kutawazuia kuomba msaada kwa wenzao wa nchi nyingine. Hoja hiyo ina uzito, lakini ina jibu. Kuanzia Windows NT ya mwaka 1993, daftari la matukio la Windows huhifadhi namba ya tukio pamoja na mambo mahususi yaliyohusika, na sentensi za maelezo hukaa katika faili nyingine. Anayelifungua daftari anaweza kusomewa sentensi hizo kwa lugha yake, na namba inabaki ileile. Fundi wa Dodoma na fundi wa Helsinki wanaweza kuzungumzia tukio moja kwa namba moja, kila mmoja akilisoma kwa lugha anayoielewa vizuri. Kwa hiyo si lazima kuchagua kati ya ushirikiano na mataifa na haki ya mwananchi kuelewa anachoambiwa.

Tena si kweli kwamba wasomaji wa tahadhari ni mafundi peke yao. Fundi huitwa baada ya mambo kuharibika. Anayekuwepo onyo linapotokea ni karani wa malipo, muuguzi wa zamu, mwalimu anayeingiza alama za mitihani. Yeye ndiye anayeamua kubonyeza kitufe cha kuendelea au kusimama. Kama ujumbe umo katika lugha asiyoimudu, atafanya alivyofanya mtumishi wa Tyler mwaka 1986: atabonyeza kitufe kinachoondoa maneno kiooni ili kazi iendelee.

Kutokana na hayo, wajibu wa kila upande ni dhahiri. Wanaonunua programu kwa ajili ya ofisi za umma wadai orodha ya tahadhari zake zote pamoja na maana zake kwa Kiswahili, kama wanavyodai funguo za gari wanapolinunua. Wanaofundisha kompyuta mashuleni na vyuoni wawafundishe wanafunzi kulisoma daftari la matukio na kuandika ujumbe ulio kamili, kwa maana hilo ni somo la lugha sawa na lilivyo somo la mashine. Wataalamu wa lugha na Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, wakae pamoja na waandishi wa programu kabla violezo havijatungwa, wasiitwe mwishoni kuja kubandika maneno. Na mtumishi anayeona ujumbe asiouelewa auandike kama ulivyo, pamoja na saa, kabla ya kubonyeza kitufe chochote.

Kompyuta zitaendelea kupiga mbiu. Wanaoisikia wana haki ya kuambiwa ina jambo gani.